Uliza Mwalimu: Kalcha dei imefika, mtoto avae nini, ale nini, acheze nini?

Muhula wa pili ndo huu, na kuanzia Kampala mpaka Koboko shule zinaandaa siku ya tamaduni za dunia, wengine wanaita kalcha dei, wengine intanashono dei, lakini ni kitu kimoja: watoto wa nasari na wa P.1 mpaka P.3 (darasa la kwanza mpaka la tatu) wanagawiwa nchi, wanavaa, wanacheza, wazazi tunapiga picha. Barua za mwezi huu karibu zote zimekuja kwa jambo hilo moja, kwahiyo maswali ya mitihani na ya ada yangoje kidogo, leo tukae hapa. Mimi naipenda sana siku hii. Mtoto wa miaka mitano bado hajafundishwa kudharau mtu, yuko tayari kushika, kuonja na kuuliza, na tukimpa kitu cha kweli anakibeba. Tukimpa nguo ya kukodi na bendera ya karatasi tu basi atabeba hiyo.

Mwalimu habari ya kazi. Mimi ni mtu wa boda hapa Jinja, nina mapacha wako mido klasi, darasa la kati la nasari. Ijumaa wamerudi na dayari imeandikwa kila mtoto aje na nguo ya Kijapani, nimeenda kwa fundi ananiambia elfu 60 moja, na hao ni wawili. Nikisema sina, watakalishwa pembeni wenzao wakicheza? Alafu kweli Japani ndo kuvaa tu? – Salongo, Jinja

Salongo, usishone. Hiyo laki na ishirini weka kwenye ada au kwenye mafuta ya pikipiki.

Kimono yenyewe Wajapani wengi wanaivaa siku kubwa tu, harusi, mwaka mpya, sherehe ya kutimiza utu uzima, na kuna sherehe yao mwezi wa 11 ambapo watoto wa miaka 3, 5 na 7 wanavalishwa vizuri wanapelekwa kuombewa. Siku zingine mtoto wa Osaka anaamka anavaa kawaida kama wako, anabeba begi gumu la mgongoni, anaenda shule kwa miguu. Na hapo shuleni ndo penye mambo matamu ambayo hayahitaji fundi. Akifika mlangoni anavua viatu vya nje anavaa vya ndani. Saa ya chakula ikifika watoto wenyewe wanavaa aproni nyeupe na kofia nyeupe wanawapakulia wenzao, wa zamu wanabadilishwa, na hakuna anayeanza kula kabla wote hawajapata. Wakimaliza masomo wanashika vitambaa wanafuta darasa na korido wao wenyewe, ni sehemu ya masomo kabisa, si adhabu.

Sasa ebu fikiria mapacha wako wamefungwa leso nyeupe kichwani, wamevua viatu mlangoni, wanawagawia wenzao uji kikombe kwa kikombe, na wote wanasubiri mpaka wa mwisho apate. Hiyo ni Japani, tena watoto wa miaka minne wanaipenda kupita kiasi manake wanapenda kupewa kazi ya watu wakubwa. Mwambie ticha. Kama anataka kitu cha kuonekana kwenye picha, kuna samaki wa kitambaa wanaotundikwa kwenye mlingoti nje ya nyumba kuelekea tarehe 5 Mei, siku ya watoto kule, upepo ukiingia mdomoni samaki anaogelea hewani. Wazazi wanamtakia mtoto nguvu za samaki anayepanda mto kinyume na maji. Chukua karatasi ya daftari la zamani, izungushe iwe bomba, wachore magamba kwa rangi, funga uzi, weka kwenye kijiti, wakimbie nayo uwanjani. Gharama yake ni uzi.

Ongea na ticha jioni ukienda kuwachukua, ana kwa ana, usiweke kwenye grupu la Wotsapu ambapo wazazi wengine watakujibu kabla yake. Na nyinyi mahedi ticha mnaosoma hapa, tafadhali, nguo isiwe sharti la mtoto kushiriki. Hilo nalisema kila mwaka na ntaendelea kulisema.

Mwalimu, mimi ni Mkaramojong, tunaishi Kampala sababu ya kazi ya ulinzi ya mume wangu. Mwaka jana shule ilifanya siku ya tamaduni, darasa la mwanangu wakapewa Karamoja, wakafungwa mashuka, wakapewa fimbo, wakaambiwa waruke huku emsii anaongea kwa kuiga lafudhi yetu na hema zima linacheka. Mwanangu alikuwa kati ya wanaoruka. Tangu hapo nikimwongelesha lugha ya kwetu ananiambia mama usiongee hiyo. Mwaka huu wanataka kurudia. Nimzuie asiende? – Mama wa P.3, Kampala

Mama, barua yako nimeisoma mara nyingi na imeniuma. Mtoto wa miaka saba haelewi hotuba ya mgeni rasmi, lakini kicheko cha watu wazima anakielewa vizuri kabisa, anajua nani anachekwa, na akijikuta ni yeye anatafuta njia ya kutoka. Njia aliyoipata mwanao ni kuikataa lugha. Hana kosa hata dogo, na wewe usimgombeze. Endelea kumwongelesha kwa sauti yako ya kawaida hata akijibu kwa Kiingereza au Kiswahili, mpigie bibi yake simu waongee, mpe muda.

Usimzuie bado. Kwanza nenda kwa hedi ticha wiki hii, kabla mazoezi hayajaanza manake mazoezi yakianza watasema programu imeshapangwa. Mweleze kilichompata mtoto kama ulivyonielezea mimi, bila kupunguza. Alafu mwambie unachotaka kiwe badala yake, kwasababu shule ikisikia "msifanye" bila kupewa kingine inarudia cha zamani.

Na kipo kingi. Huko kuruka wanakokuiga ni edonga, ni ngoma yenye heshima yake, watu wanapanda juu na kutua pamoja huku wanaimba, na nyimbo nyingi zinasifu ng'ombe, manake mwanaume wa kwenu anaweza kuitwa kwa jina la dume lake analolipenda, kwa rangi yake na pembe zake. Watoto wa P.3 wakiambiwa kila mmoja achague ng'ombe wake kichwani, amtaje rangi, amtungie mstari mmoja wa sifa, alafu ndo waruke, hapo utaona tofauti. Kuna ekicholong, kile kigoda kidogo cha mbao ambacho mzee anatembea nacho, anakalia, na akilala anawekea kichwa. Mpelekee ticha kimoja, kipite mikononi mwa watoto, wakikalie kwa zamu. Kuna pia sababu ya kuhama na mifugo, na hapa ticha wa sayansi anaweza kusaidia: Karamoja mvua ni kidogo na haitabiriki, ukikaa na ng'ombe sehemu moja nyasi zinaisha, kwahiyo kujua wapi kuna maji mwezi gani ni elimu, na wazee wenu wanayo.

Kingine ambacho Kampala wengi hawakifikirii: nyinyi ni watu wa nchi nne. Wakaramojong wa Uganda, Waturkana wa Kenya, Watoposa wa Sudan Kusini na Wanyangatom wa Ethiopia ni ndugu, lugha zenu zinakaribiana. Shule inayotaka kuonyesha dunia kwa watoto inayo hapo ramani nzima bila kutoka darasani, weka ramani chini, weka uzi kutoka Moroto mpaka Lodwar mpaka Kapoeta, watoto watembee juu yake.

Na nakuomba uende wewe mwenyewe siku hiyo, mwanao akutambulishe mbele ya wenzake, useme salamu ya kwenu waifuate wote. Watoto wengi wa Kampala Mkaramojong waliyewahi kumwona ni yule mtoto mwenzao anayeomba kwenye taa za barabarani, wamemwona kupitia kioo cha gari, hawajui lingine. Wakiona mama wa rafiki yao anaimba na rafiki yao anajivuna, wana kitu kingine cha kukumbuka.

Kama shule itakataa na kusema ni utani tu, hapo mzuie. Kaa naye nyumbani siku hiyo na umwambie kwanini, kwa maneno machache, asifikiri ameadhibiwa.

Na shule zingine msidhani hili ni la Karamoja peke yake. Wale wanaopenda kuwafunga watoto manyoya kichwani na kuwapaka rangi usoni ili wawe "Wahindi Wekundu" wa Marekani, mjue kwa watu kama Walakota kofia ile ya manyoya ya tai inavaliwa na mtu aliyeheshimiwa na jamii yake kwa matendo, haichezewi. Wajukuu zao wako hai leo wanasoma shule. Kipimo changu ni hiki: mtoto wa jamii hiyo akiingia uwanjani saa hiyo, atafurahi au ataangalia chini?

Ticha mwenzetu nisaidie. Nafundisha topu klasi, darasa la mwisho la nasari, nina watoto zaidi ya sabini, wengi wazazi wao wametoka Sudan Kusini na Kongo. Hedi ticha ametupa nchi tano, Uchina, Brazil, Ufaransa, India na Misri, bajeti hakuna, na programu ni kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi. – Ticha, Koboko

Ticha pole na hongera kwa sabini. Naanza na saa. Mtoto wa miaka mitano hawezi kukaa chini ya hema masaa saba akisubiri mgeni rasmi ambaye kwa kawaida anafika saa sita, atakojoa, atalala, atalia, na ile dunia uliyotaka kumwonyesha itakuwa imegeuka kiu na jua. Omba wadogo wamalize saa sita kamili, waanze wao, hotuba zije baadae wakiwa wamerudi nyumbani. Hedi akikataa kila kitu kingine, hili usilegeze.

Alafu nchi tano zifanye moja tu ya mbali, chagua unayoijua vizuri, nyingine zingoje mwaka kesho. Nafasi iliyobaki wape waliomo darasani. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, hakuna nchi nyingine Afrika iliyopokea wengi namna hiyo, na nyinyi wa huko West Nile ndo mnalijua hilo kuliko sisi wa Kampala. Sasa mtoto wa Juba anavalishwa awe Mfaransa wakati bibi yake yuko hatua chache kutoka shuleni anajua hadithi, anajua kusuka shanga, hajaalikwa! Mwalike. Lakini muulize mzazi kwanza, pembeni, kama angependa, manake kuna waliopita kwenye mambo mazito na hawataki kusimamishwa mbele ya watu kuulizwa umetoka wapi. Na usimwombe asimulie safari ya kukimbia, mwombe wimbo wa kumbembelezea mtoto. Kila jamii inao. Mama mmoja wa Kikongo, mmoja wa Kibari, mmoja wa Kikakwa, mmoja wa Kilugbara, wanaimba mmoja baada ya mwingine na watoto wanajifanya wamelala, hapo sabini wote wako kimya na hujatumia shilingi.

Gawa makundi sita hivi, kila kundi na mzazi mmoja, waende kituo hadi kituo, dakika kumi na tano zinatosha. Kituo kimoja kiwe salamu: Mjapani anainama, Mhindi anakutanisha viganja kifuani, Wamaori wa New Zealand wanagusanisha pua na paji la uso, mtoto wa Kiganda anapiga magoti, Mnyarwanda anakumbatia. Watoto watacheka kwenye pua, acha wacheke, wanacheka kwa furaha ya kugusana.

Kituo kingine kiwe mchezo wa mashimo, na huu ndo naupenda kuliko vyote kwasababu unaizunguka dunia kweli. Mweso wetu una mashimo 32 na kete 64, bao la Zanzibar vilevile 32 na 64, ukienda Ghana unakuta oware ya mistari miwili ya mashimo sita, kete 48, ukivuka bahari Malaysia wanacheza congkak na Ufilipino sungka, mashimo na kete hivohivo unazungusha ukidondosha moja moja. Kwa topu klasi tumia ya Ghana: chimba mashimo kumi na mawili kwenye udongo, kila shimo kokoto nne. Wanahesabu bila kujua wanahesabu. Kokoto ziwe kubwa tafadhali, maharagwe na punje za mahindi zinaishia puani, kila ticha wa nasari anajua.

Ukiweka kituo cha kuonja, waoshe mikono kwa sabuni kabla, chakula kiwe cha moto kilichopikwa siku hiyohiyo, na uulize wazazi mapema nani karanga zinamdhuru. Kwenye sosi za huku karanga zimo karibu kila mahali.

Asalaam aleikum Mwalimu. Binti yangu yuko P.1, wamepewa India, ticha amesema watawasha taa za Diwali, watapakwa alama nyekundu kwenye paji, alafu watakunja mikono mbele ya picha ya mungu wao wapigwe picha. Sisi Waislamu, mume wangu amekasirika anasema mtoto hatoki. Mtoto analia anataka kucheza na wenzake. – Mama, Bombo

Waaleikum salaam mama. Baba ana haki kwenye jambo moja na mwambie nimesema: kusimama mbele ya picha inayoabudiwa na kukunja mikono ni ibada, na shule haina ruhusa ya kumfanyisha mtoto ibada ya dini nyingine. Hata Wahindu wenyewe nadhani hawatapenda sala yao igeuzwe maigizo ya kupigwa picha. Kuelezwa kwamba Wahindu wana sikukuu ya taa na wanawasha taa ndogo za udongo mlangoni, hiyo ni elimu na mtoto wako ataihitaji kwasababu ataishi Uganda na Wahindu majirani. Kuelezwa na kutenda ni vitu viwili, ticha akivitenganisha nyumba yenu itatulia.

Alafu India ni kubwa jamani. Ina Waislamu wengi kuliko nchi yoyote ya Kiarabu, ina Masingasinga, ina Wakristo wa tangu zamani kule Kerala. Idi kule wanapika tambi kwa maziwa na sukari, wewe wa Bombo hiyo si ngeni kwako. Hina wanapaka mikononi kwenye harusi, Waislamu na Wahindu wote, na hiyo nayo unaijua. Na kule Gujarat, ambako familia nyingi za Wahindi wa Uganda ndo zimetoka, tarehe 14 Januari mbingu inajaa tiara, watu wazima kwa watoto wako juu ya mapaa wanarusha. Watoto wetu wanatengeneza tiara kwa kavera (mfuko wa plastiki) na vijiti kila siku bila kufundishwa na mtu. Andika barua fupi kwa ticha, kwa upole, umwambie binti atakuwa kundi la tiara na hina, na kama unaweza jitolee kwenda kuwapaka hina wasichana wenyewe. Nina imani kubwa ticha atashukuru, manake mara nyingi hawa maticha wanachukua kitu cha kwanza walichokiona kwenye simu, hawana nia mbaya.

Na kama nyinyi ni Wanubi, mwakani waombeni Wanubi nao wapate meza yao. Zile sinia za kusuka za rangi rangi na ngoma yao ya doluka, sijui kwanini shule zinasahau kwamba viko hapohapo Bombo.

Mwalimu, mimi mzee wa Iganga, wajukuu wangu wako nasari, wanajua kusema ni hao wa Brazil na Italia lakini Lusoga hawajui, hata bigwala, tarumbeta zetu za mabuyu, hawajawahi kusikia. Hii kalcha dei inatufaa nini sisi? Si waanze na kwao? – Mzee, Iganga

Mzee wangu, kuanza kwao nakubali moja kwa moja. Tangu 2007 mtaala wenyewe unasema P.1 mpaka P.3 wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, lakini shule nyingi hasa za mjini zinakimbilia Kiingereza na wazazi ndo wanaolazimisha. Na Katiba yetu inataja jamii 65, mtoto anaweza kusoma mpaka P.7 na asimalize hata robo yake.

Ila usizitenge hizo mbili. Bigwala unayoililia, UNESCO iliiweka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, yaani dunia imekuja Busoga kusikiliza wakati watoto wa Iganga hawajui. Empaako ya Watooro na Wanyoro, yale majina yao ya heshima na upendo, iliingia orodha hiyohiyo 2013. Kitambaa cha gome la mti wa mutuba cha Buganda UNESCO ilikitangaza 2005. Kwahiyo siku ya tamaduni za dunia bila bigwala Iganga haijakamilika, nenda kawaambie. Na ni rahisi kwa watoto kwasababu kila buyu linatoa sauti moja tu, wimbo unatoka pale kila mmoja anapopuliza kwa zamu yake, ukikosea zamu wimbo unaharibika. Wape watoto watano chupa zenye maji viwango tofauti wapulize juu, wataelewa kwanini wazee walihitajiana. Alafu wewe au mzee mwingine anayeijua aje na ya kweli.

Na ukikaa nao nyumbani waambie na hii. Gomesi anayovaa bibi yao imebeba jina la fundi wa kutoka Goa aliyekuwa anashona Kampala mwanzoni mwa karne iliyopita. Kanzu unayovaa wewe ilipanda kutoka pwani na wafanyabiashara. Chapati imekuja na Wahindi, ndizi zilitoka Asia kusini mashariki zamani sana, mahindi, mihogo na karanga zilitoka Amerika. Mtoto aliyekaa kwenye mkeka Iganga anakula ugali na karanga tayari anakula dunia, na hilo halimpunguzii Usoga wake hata kidogo. Wajukuu wakijua vyote viwili, kwamba sisi tumepokea na sisi pia tunacho cha kutoa, hao hawatamwonea mtu aibu wala hawatajionea.

Mwanangu wa miaka 4 kwenye meza ya Kongo alishika pua akasema kwa sauti "inanuka", mama aliyepika makayabu akasikia. Nilitamani ardhi inimeze. Ningemchapa? – Mama, Fort Portal

Hapana, usimchape kwa pua yake. Samaki wa chumvi ana harufu kali na mtoto amesema alichokisikia. Umfundishe sentensi ya kutumia: "sijakizoea bado, asante." Ifanyieni mazoezi nyumbani hata kwa dagaa. Akiwa tayari aonje kidogo sana, asilazimishwe, mtoto mdogo anaweza kuhitaji kukutana na chakula kipya hata mara kumi kabla hajakikubali. Na wewe mwenyewe onja mbele yake, tena umuulize yule mama anapikaje, hapo umemalizana na aibu na umepata rafiki.

Shule yetu haina sherehe kama hiyo. Kwa hapa Kampala naweza kuwapeleka wapi watoto wangu wa miaka 5 na 8 waone dunia bila pesa nyingi? – Baba, Ntinda

Baba wa Ntinda uko karibu na kila kitu. Makumbusho ya Uganda pale Kitante, ilianzishwa 1908 na kuhamia hapo 1954, ndani kuna ala za muziki, na nje wamejenga nyumba za jamii mbalimbali mtoto anaingia ndani kabisa, huyo wa miaka 5 atapenda nje kuliko ndani. Kituo cha ngoma cha Ndere hapohapo upande wenu wana ngoma za sehemu nyingi za nchi, wale walianza kama kundi mwaka 1984, kiingilio kiko juu kidogo kwahiyo iwe ya siku maalum. Kikaya kuna hekalu la Wabahai la tangu 1961, bustani yake wazi kwa watu wa dini zote, mweleze mtoto mapema kwamba ndani ni kimya.

Alafu kuna ambayo hayana tiketi. Nenda Kabalagala kwenye mgahawa wa Kiethiopia, agizeni injera, ule mkate wao mpana, sahani moja mle wote kwa mikono kutoka hapohapo, na muulize mwenye mgahawa kuhusu kalenda yao ya miezi 13, mwaka mpya wao unaanza mwezi wa 9. Wiki nyingine nenda Kisenyi kwa Wasomali, agiza wali, watakuletea na ndizi mbivu pembeni ya kula pamoja na wali, mtoto wako wa miaka 8 atakutazama kuuliza kama inaruhusiwa. Nenda mchana kabla watu hawajajaa, mwenye mgahawa apate nafasi ya kuongea nao, na waache waulize wao wenyewe, wewe usiwaulizie.